Mpangaji wa Chumba cha Sauda

Mama Sauda tumemzika Mzenga wiki iliyopita, kando ya shamba la mihogo la kwao, na tangu nirudi sijafanya kazi yoyote ya maana. Nakaa mezani, nafungua kompyuta, naandika mstari mmoja, naufuta. Binti yangu ameniuliza, "Mama, yule bibi alikuwa ndugu yetu?" Nikamwambia alikuwa mwenye nyumba wangu zamani, nilipanga kwake Sofu, kule Kibaha. Akaondoka ameridhika, maana kwa umri wake mwenye nyumba ni mtu wa kugonga mlango mwisho wa mwezi, basi. Mimi nikabaki najiuliza ningemwelezaje. Hadi leo watu wananisimamisha njiani na kuniita Mpangaji, watu wazima wenye familia zao, wakiamini wananijua. Na kweli wananijua, ila wanachokijua ni nyumba ya yule mama, na mwaka mmoja tu niliolala katika chumba cha mwanawe.

Mwaka ule nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja pale Kibaha, mgeni kabisa wa Pwani, nimetoka Songea na begi na godoro. Mama Sauda alinipa chumba cha uani kilichopakana na jiko. "Kilikuwa cha mwanangu," alisema akinifungulia, "ila mwenyewe kasafiri." Hakusema kasafiri wapi, nami sikuuliza. Kulikuwa na kitanda cha mninga kizito kisichohamishika, kabati lenye kanga moja iliyokunjwa vizuri kwenye rafu ya juu, na ukutani, usawa wa macho ya mtu aliyelala, alama za gundi mahali palipowahi kubandikwa picha. Kanga ile sikuigusa. Nyumba haikuwa na dari, kwa hiyo maneno yalipanda upande mmoja wa ukuta yakashuka upande wa pili, na mimi niliishi ndani ya mazungumzo ya Mama Sauda tangu anapowasha moto wa chai hadi anapoosha vyombo vya jioni. Alizungumza na majirani waliokuja kuomba makaa. Alizungumza na kuku. Asubuhi moja nilimsikia akigombana na nazi iliyooza: "Nimekuchagua mwenyewe, nimekutikisa, ukanidanganya una maji. Sasa hii ndiyo nini?" Na mara nyingine, mchana, akiwa peke yake kabisa, alisema jambo halafu akanyamaza kidogo, kama mtu aliyempa mwenzake nafasi ya kujibu.

Blogu nilikuwa nayo kabla ya kuhamia pale, lakini ilikuwa blogu ya mtu yeyote. Enzi hizo simu za kupangusa ndiyo kwanza zilianza kuzagaa, na kila kijana aliyeweza kukaa kwenye intaneti kafe alifungua blogu. Tulinakili habari za wanasiasa na picha za harusi za watu maarufu, tukiibiana bila aibu, na mimi hata wa kuniibia hakuwepo kwa sababu hakuna aliyejua kama nipo. Niliandikia kwenye kompyuta ya ofisini saa ya chakula, wenzangu wakiwa wameenda kwa mama ntilie. Siku ile ya nazi sikuwa na habari ya kunakili. Nikaandika: "Leo nyumbani kumepikwa kunde, bila nazi, kwa sababu nazi na mwenye nyumba wangu hawasemeshani." Nikaendelea hivyo hivyo hadi chini, nikaeleza moshi, ukuta usio na dari, mimi nikiwa upande wa pili nimeshika mswaki nikijizuia kucheka. Sikutaka kutumia jina langu la Editha, lisije likanifuata ofisini, nikaweka Mpangaji, maana pale Kibaha sikuwa kitu kingine. Kesho yake nilikuta watu wameandika maoni chini ya makala yangu kwa mara ya kwanza tangu nianze. Mmoja aliuliza, "Na leo kumepikwa nini, Mpangaji?"

Swali hilo ndilo lililonipa sauti. Nilianza kila makala kwa chakula cha siku hiyo, kisha nikaingia katika maneno niliyoyasikia. Sikuweka picha yangu wala ya nyumba, ila Sofu niliitaja. Mama Sauda nilimsomea makala ya kwanza akiwa anachambua mchele, nikiwa na wasiwasi, na yeye akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Kumbe nilikuwa nasikika! Haya, andika, ila usiseme naweka chumvi nyingi." Baada ya miezi michache wadau walikuwa wengi kuliko nilivyoweza kujibu, wapo Mwanza, wapo Mbeya, wapo waliokuwa nje ya nchi wakiandika kwamba makala zangu zinawanukia moshi wa kuni. Jumamosi moja nilikuwa sokoni Mlandizi nachagua vitunguu. Nikamwambia muuzaji kwamba vitunguu vyake vinaonekana vimetoka kwenye ugomvi. Msichana aliyesimama nyuma yangu akanishika bega. "Samahani dada. Wewe siyo Mpangaji?" Nilikana. Akasema, "Ndiye wewe. Unaongea vilevile." Nilirudi Sofu nikiwa na furaha ya ajabu na hofu kidogo, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina katika mji ambako hana ndugu.

Ni wakati huo ndipo alipotokea msomaji aliyejiita Jirani wa Zamani. Niliandika siku hiyo habari za pilipili, na yeye akaweka maoni mafupi: "Lile sufuria la kishikio kimoja bado analo?" Nilidhani anatania. Nilipofika nyumbani nikainama chini ya meza ya jikoni, na nyuma ya ndoo nikaliona sufuria kubwa jeusi lenye kishikio kimoja, ambalo sikuwahi kuliandika kwa sababu sikuwahi kuliona likitumika. Wiki iliyofuata akaandika: "Mlango wa chumba chako ukitaka kuufunga, unyanyue kwanza." Nilisoma maneno hayo nikiwa ofisini, jua linawaka nje, mashine za kupiga chapa zinalia chumba cha jirani, na mikono yangu ikawa ya baridi. Mlango ule niliunyanyua kila siku bila kufikiri. Sikuwa nimemwambia mtu. Jioni hiyo nilikaa kitandani nikiangalia zile alama za gundi ukutani, na kwa mara ya kwanza nikahisi kwamba kitanda kile kinanihesabu mimi kama mgeni. Nilianza kuvua viatu mlangoni. Nilianza kubisha hodi kabla ya kuingia chumbani mwangu mwenyewe, nikijiambia ni utani. Jirani wa Zamani aliendelea, kidogo kidogo. Alijua upande ambao bati huvuja. Alijua kwamba dirisha la uani lilikuwa la rangi ya kijani kabla halijapakwa kahawia. Alijua kwamba mwenye nyumba wangu akiwa na hasira huosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nilivumilia kwa muda, kisha nikamsomea Mama Sauda maoni yote, moja baada ya jingine, tukiwa jikoni mchana wa Jumapili. Alikuwa anakuna nazi. Nilipofika kwenye mlango unaonyanyuliwa, mkono wake ulisimama. Alikaa vilevile juu ya mbuzi, nazi mkononi, machozi yakimshuka bila sauti yoyote. "Ni yeye," alisema. "Ni Sauda huyo." Ndipo nikaambiwa. Sauda alikuwa amekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Mama yake hakutaka. Waligombana palepale jikoni, na mama akatamka kwamba akivuka kizingiti asirudi. Mwanzoni alipiga simu kwa jirani, akazungumza na huyo jirani tu, akasema yu mzima. Kisha simu zikakoma, na jirani naye akahama. "Nimeyarudisha yale maneno kila siku," Mama Sauda alisema, "lakini nayarudisha kwa nani? Nayarudishia ukuta." Nikaelewa basi ule ukimya wa mchana ulikuwa wa nani. Akanishika goti. "Mwanangu Editha, wewe anakusoma. Mwandikie. Mwambie mlango hauna komeo. Muulize kama anakula." Nikamuuliza kama niandike jina. Akasema, "Jina liandike. Ni lake."

Niliandika kesho yake. "Leo nyumbani kumepikwa wali, na mwenye nyumba wangu anasema mlango hauna komeo. Anauliza, Sauda, unakula?" Sijawahi kabla wala baada ya hapo kuandika kitu kilichosomwa vile. Watu wasionijua walimwandikia Sauda chini ya makala yangu, wakimsihi, wakimwambia mama ni mama. Wengine walisimulia mabinti zao. Kila nilipofungua blogu palikuwa na mtu anauliza, "Amerudi?" Na Jirani wa Zamani alikaa kimya kwa siku nyingi hadi Mama Sauda akaanza kunisubiri mlangoni nikirudi kazini, akinitazama usoni kabla sijasema shikamoo. Hatimaye maneno yakaja: "Sauda alikuwa anapenda ukoko. Alisema hakuna anayejua kuukausha kama mama yake." Nilimsomea. Akapiga makofi, akazunguka jikoni akitafuta cha kushika. "Umeona? Anaona haya, anajisema kama mtu mwingine! Tangu mdogo yuko hivyo!" Nilitabasamu naye. Lakini nilikuwa nimefanya kazi ya kusoma majalada kwa muda wa kutosha kujua neno "alikuwa" huandikwa juu ya watu wa aina gani, na usiku ule sikula.

Nilimwandikia Jirani wa Zamani faragha, kwa barua pepe. Nikamuuliza neno moja: wewe ni nani? Akajibu kwamba anarudi nchini karibuni na atafika Sofu Jumapili atakayonitajia. "Jambo hili siyo la kuandika," alimalizia. "Naomba usimwambie kitu. Nitasema mwenyewe." Kilichobaki kwangu kilikuwa kumwambia Mama Sauda kwamba mgeni anakuja. Nilichagua neno hilo, mgeni, na kulitamka taratibu, nikitumaini atalisikia. Alilisikia kwa namna yake. Alipaka chokaa ukuta wa mbele. Alitoa kanga ile kwenye kabati langu, akaifua, akaianika, akairudisha. Siku ilipofika alichinja kuku, akapika wali wa nazi kwa lile sufuria la kishikio kimoja, na ukoko akaukausha na kuuweka peke yake kwenye sahani iliyofunikwa. Nami nilikaa uani namenya vitunguu visivyohitajika.

Mwanamke aliyebisha hodi alikuwa mrefu, mweusi, wa makamo yangu, amevaa baibui lenye vumbi la safari, na begi dogo begani. Mama Sauda alitoka jikoni mbio akijifuta mikono, akafika katikati ya uwanja, akasimama. Sitasahau jinsi alivyomtazama yule mgeni usoni, kisha nyuma yake kule njiani, kisha tena usoni. Yule mwanamke akapiga goti. "Shikamoo mama. Naitwa Tatu. Natokea Tabora." Kisha Mama Sauda akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Marahaba mwanangu. Umechelewa kula. Karibu ndani." Akammiminia maji ya kunawa. Akampakulia. Akamfunulia ile sahani ya ukoko akaisogeza mbele yake, na Tatu akala huku akilia, na Mama Sauda akikaa kumtazama akila, hadi mwisho.

"Yuko wapi?" Mama Sauda aliuliza vyombo vilipoondolewa.

"Alifariki, mama. Aliugua homa, hakukaa sana. Walimzika kulekule." Tatu aliongea akiangalia mkeka. Walikuwa wamefanya kazi nyumba moja, wakilala chumba kimoja chini ya ngazi, na kila siku kabla ya usingizi Sauda alimtembeza ndani ya nyumba hii, chumba kwa chumba, bati kwa bati, mpaka Tatu akaijua kuliko ya kwao. Mwajiri alimhakikishia kwamba ndugu wamepewa habari. Tatu aliitafuta Sofu kwenye simu kwa hamu tu, akaikuta blogu yangu, akaitambua nyumba kabla ya kumaliza kusoma. "Nilidhani mnajua, mama. Nilikuwa nauliza ili nisikie tu habari za kwao. Mlipoandika mlango uko wazi ndipo nikaelewa kumbe hamjui."

Mama Sauda aliuliza swali moja tu jingine. "Nani alimwosha?"

"Mimi."

"Ulimwosha vizuri?"

"Vizuri, mama. Maji ya vuguvugu. Sikumharakisha."

Mama Sauda akanyoosha mikono akaichukua mikono ya Tatu, akaigeuza, akaitazama viganja na migongo, kidole kwa kidole, kisha akaiweka usoni pake na kuishikilia hapo. Alilia hivyo, ndani ya mikono ile. Nilitoka nikakaa uani kwenye kibaraza, na kwa mara ya kwanza tangu nipange pale sikutaka kusikia kinachovuka ukuta.

Nilidhani jioni ile tungetandika mikeka nje na kuwaita majirani. Mama Sauda alikataa. "Nikitandika mkeka nje ndiyo nimemzika. Mie sijamzika mwanangu. Na mtu yeyote asijue." Nikamwambia, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwamba watu wengi wanauliza, wanangoja habari. Akafikiri. "Waambie mgeni kafika, kala. Si kweli?" Nikasema ni kweli. "Basi andika hivyo, usiongeze neno." Niliandika hivyo, bila kuongeza neno, na nchi nzima, au ndivyo nilivyoona mimi niliyekuwa kijana, ikashangilia. Watu waliandika kwamba wamelia kazini. Mtangazaji wa redio moja aliyasoma maneno hayo asubuhi hewani, akasema mama mmoja Kibaha amepata mwanawe. Gazeti likanitafuta. Jina la Mpangaji likawa jina, na kazi zote nilizofanya baadaye, safu nilizopewa, semina nilizoalikwa kueleza vijana namna ya kujijenga mtandaoni, zilitoka katika mstari ule mmoja. Vijana huniuliza siri yake ni nini. Nawaambia waandike wanachokisikia kweli. Sijawahi kuwaambia kwamba mstari wangu uliopendwa kuliko yote ulikuwa taarifa ya msiba.

Tatu alikwenda Tabora akasalimia, akarudi Sofu, akakaa. Mwisho wa mwaka ule Mama Sauda alituchukua sote wawili hadi Mzenga kwa dada yake, Bi Mtumwa, ambaye macho yake yalikuwa tayari yameingia ukungu. Sauda alikuwa amefika kule mara chache utotoni. Bi Mtumwa alipapasa uso wa Tatu, akasema, "Sauda, umekuwa mrefu ati." Nilimtazama Mama Sauda. Alikuwa anamenya muhogo, na hakuinua uso. Tatu akaitika, "Abee, mama mkubwa." Tulikula muhogo ule na chumvi, tukarudi Sofu. Mwezi uliofuata nilihamishiwa Dar es Salaam, na chumba nikamwachia Tatu. Miaka ilipita. Sofu wapangaji huja na kuhama, na waliokuja baadaye walimkuta mama na binti, wakawaita mama na binti. Nilipokwenda kuwatembelea nilisikia watoto wa jirani wakimwita Tatu "dada Sauda," na yeye akigeuka. Nilirudi mjini nikiwa na ubaridi uleule wa mikono wa siku ile ofisini. Blogu niliiandika miaka kadhaa zaidi kisha nikaifunga, na kila mara mtu aliponiambia, "Ile siku Sauda aliporudi, dada, nilifurahi mno," nilijibu asante.

Wiki iliyopita, msibani, tulikaa wanawake kwenye mikeka nyuma ya nyumba ya Bi Mtumwa, ambaye bado yu hai, mdogo sana sasa ndani ya kanga zake. Kisomo kilikuwa hakijaanza. Msichana muuguzi, mjukuu wa mtu pale kijijini, alinisogelea akanong'ona kwamba amenisoma tangu yuko sekondari. Kisha akaelekeza macho kwa Tatu, aliyekuwa anapokea mikono ya pole mlangoni. "Ndiye yule, siyo? Ndiye Sauda mwenyewe?" Nilifungua mdomo. Sikujua ni jibu gani lingetoka, na hadi leo sijui, kwa sababu Tatu alikuwa amesikia. Alikuja akasimama mbele yetu.

"Hapana," alisema, na hakunong'ona. "Mimi naitwa Tatu. Sauda alikuwa rafiki yangu. Alifariki Uarabuni, zamani, nami ndiye niliyemwosha. Mama alinikataza kusema akiwa hai."

Mwanamke aliyekuwa anagawa misahafu alibaki ameshika mmoja hewani. Niliogopa kwa ajili ya Tatu kuliko nilivyowahi kumwogopea mtu. Bi Mtumwa aligeuza uso wake upande ilikotoka sauti.

"Kwa hiyo mtoto yule hajasomewa hata siku moja?" aliuliza.

"Hajasomewa, mama mkubwa. Nilimsomea mimi tu, peke yangu."

"Basi leo wasomeeni wote wawili," alisema Bi Mtumwa. "Yeye ni Sauda binti Salumu. Lishikeni vizuri jina hilo."

Wakaanza. Mimi ni Mkristo, sikuyajua maneno, lakini niliinua mikono kama wenzangu, na jina la Sauda lilipotajwa nililisikia likisemwa na sauti nyingi kwa pamoja, wazi, mchana, kama linavyosemwa jina la mtu aliyekufa kweli na ana watu wake. Kisomo kilipokwisha yule msichana muuguzi aliinuka wa kwanza. Alivuka mkeka hadi kwa Tatu, akapiga goti, akampa mkono tena, ingawa alikwisha kumpa asubuhi. "Pole kwa mwenzio," alisema. "Pole, dada Tatu." Nyuma yake wanawake wengine wakaanza kusimama.